Asiyejibu Utani Akalishwe

Jumapili, tarehe 2 Februari

Nesi wa Kuku,

Usinune kwa jina hilo. Tangu ulipomfunga bendeji jogoo wa Mama mpaka akashindwa kuwika, hilo ndilo jina lako, na hata wakikupa hospitali nzima litabaki hilo hilo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la kokoto, imekunjwa kama leso ya msibani. Nimeisoma nimekaa juu ya ndoo. Huku simu ni ya kutazamia saa tu. Mtandao unautaka, upande kilima, na mimi vilima nimevichoka.

Kwa hiyo wamekupa kazi ya kupanga afya za watu watakaokimbia kupanda mlima wetu na kushuka, kwa hiari yao, bila kufukuzwa. Nilimsomea Baruti, yule mzee wa kulipua miamba. Akauliza, "Wanakimbilia nini?" Nikasema hakuna. "Basi nani anawakimbiza?" Nikasema hakuna. Akatema mate. "Hao hawahitaji nesi," akasema. "Wanahitaji kazi."

Lakini umeniuliza swali la maana. Umesema kileleni utakuwa na kipimo kimoja cha joto na wakimbiaji wengi, wote wanatoka jasho, wote wanahema. Sisi tunaopasua mawe juani kutwa nzima, tunamjuaje mtu anayemalizwa na joto kabla hajaanguka?

Hapa machimboni hatuna kipimo. Tuna mdomo. Kila apitaye mbele ya mwenzake lazima amtupie utani, na mwenzake lazima aurudishe. Ukiniambia nina miguu ya korongo, nami nikuambie uso wako umesahauliwa kupigwa pasi. Si kwamba tunapendana. Joto likimpanda mtu kichwani, kitu cha kwanza kumtoka si nguvu. Atapiga nyundo vilevile, atabeba jiwe vilevile. Kinachomtoka ni yeye mwenyewe. Utamtania kuhusu mkwe wake, naye atakutazama kama mbuzi anayesomewa gazeti. Au mbaya zaidi, atakujibu kwa adabu. Baruti ana sheria moja tu: asiyejibu utani akalishwe. Avuliwe shati, amwagiwe maji, awekwe kivulini.

Kivuli chenyewe, hapo ndipo penye kasoro. Tulikuwa na turubai moja. Nyapara amelichukua kufunikia mashine ya upepo, ile inayoendesha vyuma vya kutobolea mwamba. Tukamuuliza na sisi je? Akasema, "Nyinyi Mungu amewapa jasho. Mashine haikupewa." Tukacheka, maana alisema kwa ustadi. Halafu tukarudi juani.

La mwisho ni maji. Wape maji, maji, maji. Kila kituo pipa, kila mtu anywe mpaka tumbo limpigie kelele. Maji hayajawahi kumuua mtu ambaye hakuzama.

Kaka yako,
Gunzi


Alhamisi, tarehe 13 Februari

Kaka Gunzi,

Ulipoondoka nyumbani ulikuwa gunzi lenye punje mbili tatu. Dereva ananiambia sasa hata hizo zimepukutika. Mama anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula vumbi, na ukibanwa sana unaongeza chumvi.

Nianze na maji, kwa sababu hapo umebwabwaja. Yamewaua wengi ambao hawakuzama. Mtu anayekimbia saa nyingi akijijaza maji matupu kupita kiu yake, chumvi ya damu inazimuliwa kama uji wa mgonjwa. Ubongo unavimba. Anatapika, anachanganyikiwa, na wasaidizi wakidhani ni kiu wanamwongezea maji, wanammaliza kwa huruma. Kwangu mtu atakunywa akisikia kiu, na kila kituo kitakuwa na kitu cha chumvi cha kutafuna. Pipa lako nimelifuta. Usinitumie jingine.

Lakini utani nimeuchukua. Niliusoma nikaacha kuandika, nikazunguka chumba. Kuchanganyikiwa ndiyo dalili kubwa ya kiharusi cha joto, hilo nilifundishwa. Ila hakuna aliyenifundisha namna ya kuiona haraka kwa mtu anayepita mbio na hataki kusimama. Nimeuandika kwenye mpango, kwa maneno yenu hayo hayo.

Njia unaijua. Inaanzia uwanja wa shule, inavuka kijito, inapanda ule mteremko wa mawe yaliyolegea ambako marehemu Baba alikuwa akituvusha kwa kutushika masikio. Inapita kileleni mara mbili, kwenda na kurudi. Huko juu hakuna mti, na hata pikipiki haifiki. Mtu akianguka pale, kumbeba kwa machela hadi barabarani ni safari ndefu kuliko anayoweza kuingoja. Kwa hiyo apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Nimeomba turubai kubwa: wanaume wanne wanalishika pembe, mgonjwa katikati, yanamwagwa maji na barafu, wanalitikisa kama wanabembeleza mtoto. Nimeomba barafu, machela, redio ya mawasiliano. Vyote nimepewa. Nimeomba jambo moja jingine, na hilo wamenikatalia: nikimwambia mkimbiaji simama, asimame.

Mwenyekiti wa kamati ni yule muuza mabati, anayependa kupigwa picha. Akaniambia, "Nesi, mkimbiaji husimamishwa na miguu yake au na daktari." Daktari atakuwa kwenye mstari wa mwisho, na gari la wagonjwa. Nikamuuliza, "Na miguu ikikosea?" Akasema, "Miguu ya Swala haijawahi kukosea."

Swala ni mpwa wake. Ndiye anayetarajiwa kushinda, sura yake iko kwenye mabango yote. Ana mbio, sikatai, ila mdomo wake ni mchafu kuliko viatu vyake. Juzi amenipita nikipima njia, akapaza sauti, "Nesi, kimbia basi! Au makalio yamekunyima ruhusa?"

Bila saini yangu kwenye mpango wa afya, halmashauri haitoi kibali cha mbio. Sijasaini. Mwenyekiti amenidokeza kwamba kuna zahanati mbali sana ambayo haina nesi.

Na turubai lenu, mmelipata?

Mdogo wako,
Nesi wa Kuku


Jumapili, tarehe 23 Februari

Nesi wa Kuku,

Usitie saini! Nimeliandika kwa herufi kubwa upande wa nyuma wa karatasi pia, ulione hata ukishika barua kinyume, maana nakujua. Wewe ulimgomea mwalimu wa hesabu kwa sababu alimpiga jirani yako wa dawati. Leo ukamwogope muuza mabati? Akikutisha na zahanati ya mbali mwambie una kaka aliye mbali kuliko hiyo, na hajafa.

Kama huwezi kumsimamisha mtu, huko juu unakwenda kufanya nini? Kupiga makofi? Nesi asiye na neno la kusimamisha ni mpita njia aliyevaa nguo nyeupe. Wape hilo neno wakalitie kwenye mkutano, waseme limetoka kwa msomi wa darasa la sita. La sita lenyewe sikulimaliza. Tuliachana kwa amani.

Yule Swala nimempenda. Mtu wa namna hiyo angefaa machimboni. Baruti anasema amwone kabla hajafa, yaani kabla Baruti hajafa, si Swala.

Habari ya turubai usihangaike nayo. Kivuli kimepatikana. Nyapara nimemwambia maneno ambayo mama yake hajawahi kumwambia, akanywea. Mimi jua limenizoea, nikichelewa kutoka asubuhi linaniulizia. Kichwa kinanigonga gonga siku hizi, nadhani ni kwa kusoma mwandiko wako, maana unaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Mwambie Mama mwanawe ni jiwe.

Gunzi


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kaka,

Nimesaini. Usirukeruke, soma kwanza.

Waliniita mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti akasema nawachelewesha watu kwa ukaidi. Nikamwambia ukaidi ni wangu na mlima ni wa wote, hivyo tugawane. Akasema, "Unataka umsimamishe mtu aliyejiandaa mwaka mzima, kwa sababu umemwona vibaya?" Nikasema, "Ndiyo. Akasirike akiwa hai." Wakanuna. Ndipo katibu akampigia daktari, simu ikawekwa sauti ya juu katikati ya meza. Nilidhani atawaunga mkono, maana kwenye mabango jina lake limo na langu halimo. Yule mama daktari akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Mimi siwezi kuwa chini na juu kwa wakati mmoja. Nesi akiwa kileleni, ni mimi niko kileleni. Akisema simama, nimesema mimi. Hamtaki, tafuteni jina jingine la kuweka kwenye bango."

Basi neno nimepewa. Mwenyekiti akaongeza sharti: lazima pawe na sababu ambayo hata mtu wa kawaida ataiona. Nikamsomea kifungu chenu, asiyejibu utani akalishwe. Walicheka, kaka, mmoja akakohoa chai. "Kwa hiyo tunaalika wageni kuja kuwatukana?" Nikasema hatuwatukani, tunawatania, na tunawasikiliza wanavyojibu.

Swali likabaki nani atakaa kileleni kufanya kazi hiyo. Nilimweleza Mama nikiosha vyombo. Akaacha kupepeta. "Kazi ya kuwatania watu mnatafuta mgeni, na mimi nipo?" Nikamwambia ni juu sana, Mama, ni mawe matupu. Akasema, "Kuni mlizopikiwa nyinyi zilishuka zenyewe?" Basi. Jiwe lake la kukalia ameshalichagua.

Sasa tuje kwako. Dereva wa lori amekaa barazani kwetu leo asubuhi, nikampa chai, nikamuuliza kivuli cha kaka yangu kikoje. Akashangaa. "Kivuli gani? Turubai liko juu ya mashine tangu mwezi uliopita." Nikamuuliza kama nyapara alinywea. Akasema nyapara hajawahi kuambiwa neno na mtu, na Gunzi siku hizi anainama akishika kichwa kwa mikono miwili, kisha anaendelea.

Ushujaa wa barua ni rahisi, kaka yangu. Unanisukuma mimi nigombane na muuza mabati, na wewe umenyamaza mbele ya nyapara mmoja. Mimi nimegombana, nimepata. Wewe je? Jiwe gani linaloumwa kichwa?

Sitaki jibu refu. Nataka kusikia mmekaa kivulini.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 19 Machi

Dada mpendwa,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Asante kwa barua yako nzuri. Kazi inaendelea vizuri na nyapara ni mtu mwema. Asante kwa kuuliza habari za kivuli. Leo kuna baridi kidogo. Nakutakia mbio njema wewe na wenzako wote.

Wasalimie Baba na Mama.

Asante.

Ndugu yako


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaikunja, nikaketi sakafuni.

Hukunitania. Hukuniita Nesi wa Kuku. Umenishukuru, wewe, ambaye nilikuchangia damu ukaniambia ilikuwa na ladha ya dagaa. Umesikia baridi mahali ambapo mawe yanachoma viatu. Na umemsalimia Baba. Baba tulimzika pamoja, wewe ulishika jembe.

Mama nimemsomea yote. Ametoka nje akaanza kufua nguo zilizo safi.

Dereva anasema uliandika umeegemea gurudumu la lori, ngozi imekauka kabisa, na ulipompa barua ukamwita "bwana". Alidhani umechoka. Simlaumu. Nani amwite nesi kwa sababu mtu amekuwa mstaarabu?

Ninajua ugonjwa huu haungoji lori. Lililokupata siku ile limeshapita, kwa upande mmoja au mwingine, na karatasi hii haiwezi kulirudisha. Upande mwingine sitauandika. Ninamwandikia aliyeinuka. Dereva anageuza sasa hivi lori likiwa tupu, bila kungoja mzigo, na nimemwambia kwa mdomo yote ya kumwambia Baruti. Ningepanda na mimi. Ni safari ya siku tatu kwenda tu, mbio ni Jumamosi, na nikiondoka watampeleka kileleni mtu asiye na neno.

Sasa sikiliza, na hili si ombi. Kama umeinuka, usirudi juani. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, upelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hiyo ni figo. Nyapara akikuuliza kwa ruhusa ya nani, mwambie nimepewa neno na kamati nzima na daktari wake, na sikuambiwa linaishia kwenye mlima upi. Mimi, nesi wa mbio, nakusimamisha. Toka njiani, kaka. Kaa.

Halafu nijibu vibaya. Nijibu vibaya kuliko ulivyowahi kunijibu.

Nesi wako wa Kuku


Jumatatu, tarehe 31 Machi

Kaka,

Hakuna lori lililorudi. Sijui ninamwandikia nani, lakini nikiacha kukuandikia nitakuwa nimekubali, na sijakubali.

Mbio zimekwisha. Jua lilitoka kama limetumwa. Saa nne asubuhi Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, kanga kichwani, anawapokea mmoja mmoja. Binti mmoja akaja amejikunja, Mama akamuuliza, "Mwanangu, unakimbia au unatafuta sindano iliyoanguka?" Akajibu bila kusimama, "Namtafuta mwanao anioe!" Mama akapaza sauti, "Nina gunzi moja liko mbali!" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Mimi nikageuka nikahesabu bandeji ambazo nilikwisha kuzihesabu.

Swala alikuwa amewatangulia wote, peke yake, anateleza tu juu ya mawe. Akamwambia Mama, "Bibi, umepanda mwenyewe au umedondoshwa na mwewe?" Mama akafurahi. "Huyo mzima," akasema.

Aliporudi mara ya pili alikuwa bado anaongoza, na mbali. Miguu ilikuwa mizuri, kaka. Hakuyumba. Wabeba machela walimpigia makofi. Mama akamtupia, "Swala gani huyu, mbona unakwenda kama kobe mjamzito?" Akapunguza mwendo, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama. Asante sana."

Mama akaruka juu. "Nesi! Huyu kaniamkia!"

Nikasimama mbele yake. Nikasema simama. Akasema, "Samahani, dada, naomba kupita," kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikamshika mkono, ulikuwa unachoma. Redio ikalia, Mwenyekiti ameona kwa darubini. "Kuna nini? Ameanguka?"

"Hajaanguka."

"Anaongea?"

"Anaongea kwa adabu."

"Umesema nini?"

"Nimesema anaongea kwa adabu, Mwenyekiti. Ni mpwa wako, unamjua."

Nilisikia anahema. Halafu akasema, "Umebaki mteremko tu. Mwachie akimbie, hilo ni agizo."

Redio nikampa Mama. Alichomwambia sitakiandika, karatasi hii inapita mikononi mwa watu.

Tukamkalisha, na miguu ile mizuri ikakatika kama kamba. Kipimo kikapita arobaini na moja. Turubai, maji, barafu, wanaume wanne wakatikisa mpaka mikono ikawatetemeka, na mimi namtania, namtania, nimemtania mpaka maneno yaliyosalia yalikuwa yako. Joto likashuka. Akafumbua macho, akatazama barafu, akatazama Mama. "Bibi," akasema, "mnanipika supu?" Mama akalia kwa mara ya kwanza tangu barua yako. Kisha wakamteremsha kwa machela, na daktari akampokea, akasema asingefika hata nusu ya mteremko.

Mwenyekiti hasikii hilo. Kikombe kimechukuliwa na mtu wa mbali ambaye sura yake haiko kwenye bango lolote. Nimetakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini nilimsimamisha anayeongoza "kwa kosa la kumsalimia mkubwa," na kuomba radhi. Kueleza nitaeleza. Radhi haipo. Wanikalishe kikao, wanihamishe, watafute zahanati iliyoko nyuma ya mbingu.

Nilimsimamisha kwa ajili yake. Lakini nilipomshika mkono ule, kaka, nilikuwa nimeshika mkono wako, na sikuuachia.

Nijibu.

Nesi wa Kuku


Jumapili, tarehe 13 Aprili

Nesi wa Kuku, mganga wa majogoo, mwizi wa bendeji za serikali, wewe uliyezaliwa usiku wa mvua Mama akadhani ni paka,

Inatosha hapo, au niongeze?

Niko hai. Mkono unatetemeka ndiyo maana herufi zinacheza, lakini hata zikicheza ni nzuri kuliko zako. Barua zako mbili nimezikuta pamoja nilipotoka zahanati. Dereva alipofika na ile ya kwanza lori likamfia hapa, amekaa anangoja kipuri. Ile ya pili imekuja na lori jingine. Niliposoma habari ya barua niliyokuandikia nikasema muongo, sikuandika barua. Dereva akaniapia. Siikumbuki hata herufi moja. Inanitisha kuliko kuanguka kwenyewe, kwamba kuna mtu aliyetumia mkono wangu akakuandikia kwa heshima.

Haya mengine nimesimuliwa. Lori lilipoondoka nikarudi kwenye nyundo. Baruti akanipita, akaniambia, "Gunzi, hata panya wa ghala wamekukataa." Nikamjibu, "Asante, mzee wangu." Wanasema aliangusha chuma chake kikamponda kidole cha mguu na hakutazama chini. Akapiga kelele, "Mkalisheni!" Kivuli hakuna. Basi Baruti akaenda kwenye mashine ya upepo akalivuta turubai lote, akalitupa chini, wakaniweka juu yake na kunimwagia pipa zima la maji, wanne wamelishika pembe. Hivyo hivyo kama barua yako ya Februari ilivyosema. Nilikuwa nimewasomea ile barua, wakacheka, lakini kumbe walisikia.

Nyapara akaja mbio. "Mashine! Mashine itaungua!"

Baruti akamwambia, "Itanie. Ikikujibu tutairudishia kivuli chake."

Maneno hayo sasa yameandikwa kwa chokaa juu ya mwamba, kila herufi urefu wa mtu. Nyapara amefuta mara mbili. Yanarudi.

Mkojo ulikuwa na rangi uliyosema. Nililazwa zahanati ya huku, wakaniambia figo zimeguswa lakini hazijakata tamaa, na jua nisilione mpaka watakaponiruhusu. Niliporudi nyapara akanitaka juani siku hiyo hiyo. Nikamtolea barua yako, nikamsomea: "Mimi, nesi wa mbio, nakusimamisha." Akauliza mbio gani. Nikamwambia hizi. Nikakaa chini pale pale mbele ya miguu yake. Uliniambia ushujaa wa barua ni rahisi, na ulisema kweli. Ule wa kukaa chini ni mgumu, magoti hayataki, yamezoea kuinuka mtu akipaza sauti. Baruti akaja akakaa. Mpiga nyundo akakaa. Mpaka mchana machimbo yote yalikuwa yamekaa, na mashine peke yake imesimama juani.

Ameleta turubai la pili. Tunakaa jua linapokuwa utosini na tunainuka likilegea, na wala hatumuulizi. Mimi nanoa vyuma kivulini, na kazi yangu nyingine ni kuwatania wanaopita. Kuna tetesi kwamba mwisho wa mwezi Baruti na mimi tutafukuzwa. Ikiwa hivyo nitakuja nyumbani, nimwone huyo binti wa sindano.

Hicho kikao chako usikiogope. Wakikuuliza kwa nini ulimkalisha mtu kwa sababu ya kusema asante, wape barua yangu ile ya tarehe kumi na tisa. Waambie huyu ni kaka yangu, na hii ndiyo barua yake ya adabu. Radhi usiombe. Mwambie Mama nimesema jiwe lile la kileleni lisikaliwe na mtu mwingine. Swala nampa pole, ila mwambie supu ya mtu mwembamba haina ladha.

Andika upesi, hata kwa mwandiko huo wa kuku. Lakini nakuonya: ukinijibu kwa adabu, kwa figo hizi hizi, naja.

Gunzi